Neno Katika Faili la Mgonjwa

Mwaka 2000, katika hospitali moja ya umma nchini Slovakia, mwanamke wa Kiromani alifungwa mirija ya uzazi wakati wa kujifungua kwa upasuaji. Saini yake ilichukuliwa akiwa katika uchungu. Failini mliandikwa maneno yasiyohusu maradhi yoyote: kwamba mgonjwa ni wa asili ya Kiromani. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba alitendewa unyama na kudhalilishwa.

Dharau hiyo ina mizizi mirefu. Jina la Kiingereza "Gypsy" lilizuka kwa kudhaniwa kwamba Waromani walitoka Misri, ilhali asili yao ni kaskazini mwa India. Baadaye lilibebeshwa dhana za wizi, uchafu na uzururaji, na wengi wao huliona kuwa tusi. Wahamaji wa Ireland, ambao ni jamii nyingine kabisa, nao hutupiwa majina ya namna hiyo.

Mhudumu wa afya na aandike alichokiona na alichokipima, si alichokisikia mitaani. Mgonjwa naye ana haki ya kuelezwa, na kupewa muda wa kuuliza, kabla ya kutia saini.