Kabla Hujatuma Dipoziti ya Jointa

Kama una karakana ndogo nyuma ya nyumba, shida ya mbao unaijua. Unanunua saiprasi 8 kwa 1 ikiwa imenyooka, wiki mbili baadaye imekauka na kujipinda. Ukiunganisha mbili kwa gundi upate sehemu ya juu ya meza, mwanga unapita katikati.

Hapo wengi hukimbilia thiknesa. Tuseme wazi: thiknesa hainyooshi mbao iliyopinda. Rola zake zinaibana mbao ikalala, visu vinapita, halafu ikitoka upande wa pili inapinda tena vilevile, ila sasa ni nyembamba. Kunyoosha uso mmoja na ubavu mmoja ni kazi ya jointa. Thiknesa inafuata baadaye, kuulinganisha uso wa pili na ule wa kwanza.

Sasa, uchague ipi? Anza na mbao unazonunua. Jointa ya inchi 6 inatosha 6 kwa 1. Ile 8 kwa 1 hutaweza kuipitisha kwa uso wake, utanyoosha ubavu tu, au uipasue kati kisha uiunganishe tena. Urefu wa meza ya mashine nao ni muhimu: hesabu ya kawaida ni mbao isiyozidi mara mbili ya meza hiyo. Meza ya futi 4, mbao ya futi 8 hivi. Kwa stuli na kabati ndogo, mashine fupi ya kuweka juu ya benchi inatosha. Kwa milango, hapana.

Umeme ndio hushika watu. Nyumba nyingi zina fezi moja, volti 240. Mashine kuukuu za viwandani mara nyingi ni za fezi tatu, volti 415. Bei yake inavutia kweli, lakini ukiifikisha nyumbani haiwaki. Za Marekani nyingi ni za volti 120. Kwa hivyo omba picha ya kibati cha mota kabla hata hujapanda matatu.

Na dipoziti? Muuzaji wa mtandaoni atakwambia kuna mteja mwingine njiani, tuma elfu tano nikushikie. Usitume. Enda na kipande chako cha mbao kilichopinda, cha futi 3 hivi, na rula ndefu. Laza rula kwenye meza zote mbili, ile ya mbele na ya nyuma. Kila moja iwe bapa na zote ziwe sambamba. Hakikisha kinga ya visu inarudi yenyewe ukiiachilia, na ngoma inayoshika visu iwe ya mviringo. Ya mraba iache hapo hapo, hata kwa bei ya bure, kwa sababu inavuta vidole ndani. Kisha mwambie aiwashe.

Ukiridhika, lipa ukiwa hapo, kwa till ya biashara ikiwezekana. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama si la duka, uliza. Tunaweza kukusaidia kuomba pesa zirudishwe ukikosea namba, lakini aliyepokea akishazitoa, kuzipata ni ngumu. Weka meseji ya malipo, na udai risiti yenye namba ya mashine.

Halafu uliza bei ya seti ya pili ya visu, na kama inapatikana hapa nchini.