Kazi Zilizovuka Lango la Chuo

Katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, mkoani Arusha, si ajabu kukutana na mtu mwenye meno ya kahawia. Wala si kwamba hapigi mswaki. Ni floridi, inayotoka kwenye miamba ya volkano na kuyeyuka majini. Ikizidi mno hufika hadi mifupani, na wapo watoto wanaokua na miguu iliyopinda. Kuchemsha maji hakusaidii, kwa sababu floridi si kijidudu kifacho kwa moto.

Tatizo hilo Dkt. Askwar Hilonga, mhadhiri wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha, hakulisoma vitabuni tu. Amekulia Gongali, wilayani Karatu, kisha akasomea uzamivu Korea Kusini. Chujio alilolibuni hupitisha maji kwanza kwenye mchanga, unaozuia takataka na vijidudu. Halafu chembe ndogondogo mno, zisizoonekana kwa macho, hunasa floridi, metali nzito na masalia ya dawa za mashambani. Ubora wake hasa uko kwenye upimaji: maji ya mahali husika hupimwa kwanza, ndipo chujio hupangwa kulingana na sumu iliyokutwa humo. Mwaka 2015 Akademi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza ilimpa tuzo yake ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika, pauni 25,000, akiwa mshindi wa kwanza kabisa. Kampuni aliyoianzisha inabeba jina la kijiji chake.

Morogoro nako, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimeshirikiana kwa miaka mingi na shirika la APOPO kuwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, hata vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la tiba ya wanyama, mwaka 2020 kwa kazi yake nchini Kambodia.

Fasihi nayo haikubaki nyuma. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kent hadi kustaafu, alitunukiwa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Shangwe zilikuwa kubwa, lakini riwaya zake zote zilikuwa kwa Kiingereza. Aliyeziba pengo hilo ni mhadhiri mwingine, Ida Hadjivayanis wa chuo cha SOAS, London, aliyeitafsiri riwaya yake *Paradise* ikawa *Peponi*. Kazi ya namna hiyo haipigiwi tarumbeta, ingawa bila yake msomaji wa Kiswahili angebaki kusimuliwa tu habari za mwandishi wa kwao.

Mhadhiri hupanda cheo zaidi kwa makala za majarida, ambazo wengi wetu hatutazisoma kamwe. Makala hizo zina umuhimu wake. Lakini kamati za vyuo zinapokaa kupima nani awe profesa, chujio linalowapa watu maji salama na riwaya iliyorudishwa kwa wenyewe vipewe uzito uleule.