Saa ya Kinshasa na Saa Yetu

Baba ya mwenzetu wa Kabambare, mgonjwa, alipanda ndege Kinshasa saa mbili asubuhi kurudi Kindu. Walisema safari ni masaa mawili. Saa nne ikapita, ndege hakuna! Jamaa waliokuwa wanangoja kiwanjani wakaanza kulia.

Tupige hesabu. Kinshasa mpaka Kindu, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilometa 1.200. Ndege ya jeti ikienda kilometa 800 kwa saa, hiyo ni saa moja na nusu. Ongeza kupanda na kushuka, karibu masaa mawili. Lakini Maniema tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Saa mbili yao njo saa tatu yetu.

Ndege ilitua saa tano kasoro, saa yetu. Mzee akashuka, akauliza: munalilia nani?