Upungue kwanza, au uanze matibabu?

"Vua viatu, panda." Kabla ya damu kuchukuliwa, kabla ya altrasaundi, mwanamke anayetafuta mtoto hupandishwa kwenye mizani. Akiwa na kilo 82 na urefu wa mita 1.60, daktari atagawanya 82 kwa 2.56 (yaani 1.60 mara 1.60) na kupata 32, uwiano wa uzito na urefu. Kuanzia 30, kitabibu huo ni unene uliokithiri. Huenda juzi tu mtaani walimsifia kuwa amenawiri. Leo anaambiwa: kapunguze mwili, ndipo urudi.

Ushauri huo haukutoka hewani. Mafuta ya mwilini hugeuza homoni za kiume kuwa estrojeni, na unene huufanya mwili usiisikie insulini. Insulini ikijaa kwenye damu, ovari nazo huchochewa kuzidisha homoni za kiume. Yai halipevuki, hedhi inaruka miezi. Kwenye upandikizaji mimba, mwenye uzito mkubwa mara nyingi huhitaji dozi kubwa zaidi ya sindano za kukuza mayai, na mimba ikishika, hatari ya kuharibika ni kubwa zaidi. Wembamba wa kupitiliza nao huzima hedhi. Na mume asijifiche nyuma ya mkewe: kitambi hushusha testosteroni, hivyo mizani ni ya wote wawili.

Lakini je, kupungua kwanza kunaleta mtoto? Watafiti wa Uholanzi waliwagawa kwa kura wanawake 577 wenye tatizo la kupata mtoto na uwiano huo wa 29 au zaidi. Kundi moja lilipewa miezi sita ya mlo na mazoezi kabla ya matibabu. Jingine likaanza matibabu papo hapo. Matokeo, yaliyotoka 2016, yaliwashangaza wengi. Kundi la mazoezi lilipungua wastani wa kilo 4.4, lakini ndani ya miezi 24 waliojifungua kwa njia ya kawaida mtoto mmoja, mzima, aliyetimiza miezi, walikuwa asilimia 27.1 tu. Wenzao wasiosubiri walifikia 35.2.

Mwaka uliofuata, utafiti wa Sweden, Denmark na Iceland ulionyesha kuwa hata kundi lililopungua wastani wa zaidi ya kilo 9 kabla ya upandikizaji halikuwapita wenzao kwa tofauti ya maana katika kupata mtoto.

Kuna jambo moja ambalo wasimuliaji wa utafiti wa Uholanzi hulirukaruka: katika kundi la mazoezi, asilimia 26.1 walishika mimba wenyewe, bila matibabu, dhidi ya 16.2 ya wenzao. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, binti wa miaka 28 ambaye hedhi yake inaruka ana sababu ya kujaribu mlo na mazoezi kwanza, tena huenda hatari ya presha na kisukari cha mimba ikampungua. Wa miaka 38 hana miezi sita ya kuchezea, maana mayai hayamsubiri apungue. Akiambiwa aende akapungue, amuulize daktari: kilo ngapi, na mpaka lini?