Bastola ya Kasiba Pana na Kazi ya Kidole

Miongoni mwa silaha za mkono zilizobuniwa katika karne ya 19, hakuna iliyokitwika kidole cha shahada kazi nyingi kama bastola ya silinda ijizungushayo, kwani kwa mvuto mmoja wa kifyatuo kidole hicho huinua nyundo, hukaza kamani, huizungusha silinda yenye risasi sita kwa sudusi moja ya duara, kisha huiachilia nyundo iangukie fataki. Taratibu hiyo haivumilii kosa: silinda isipojifunga sambamba na kasiba kabla ya nyundo kuanguka, risasi hukwaruza ukingo wa kasiba na kutema vipande vya madini ubavuni. Hata katika bastola iliyo sahihi hubaki mwanya mwembamba baina ya silinda na kasiba, na hewa ya moto hupenya hapo kwa kasi ya kumjeruhi mtu aliyeweka kidole karibu bila hadhari.

Samuel Colt, Mmarekani aliyeipa bastola ya namna hii umashuhuri, alimwachia mtumiaji kazi ya kuinua nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 alikutana na mshindani, Robert Adams, fundi wa hapo hapo, ambaye bastola yake haikuwa na kishikio cha gumba, bali ilipiga kwa mvuto wa kifyatuo peke yake. Na fremu na kasiba yake zilifuliwa kwa chuma kimoja, jambo lililoipa uthabiti mkubwa. Walakini kamani yenye nguvu ya kuvunja fataki hudai nguvu hiyo hiyo kutoka kwa anayeikaza, na kidole kinachojitahidi huutikisa mkono, shabaha ikapotea. Suluhu ililetwa mwaka 1856 na Luteni Frederick Beaumont wa kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza, aliyeunganisha njia zote mbili: mwenye nafasi ainue nyundo kwa gumba na kulenga kwa utulivu, na aliyebanwa na adui avute tu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote zilizofuata.

Bastola ya Webley ya Birmingham, iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1887, ilirithi maarifa hayo na kuongeza bawaba chini ya kasiba. Komeo likisukumwa kwa gumba, bastola hukunjika katikati, na chuma chenye umbo la nyota huchomoza kutoka kitovu cha silinda, huyanyanyua maganda yote sita kwa pamoja na kuyamwaga chini, kisha hurudi mahali pake. Lakini chuma kilichokatwa na kuunganishwa kwa bawaba hakistahimili shindikizo kali la baruti kama kile kisicho na kiungo; kwa hiyo Webley ilitegemea uzito badala ya kasi. Risasi yake ilikuwa na upana wa milimita 11 na ushei na uzito wa gramu 17 hivi, ilhali kasi yake haikufika mita 200 kwa sekunde, polepole kuliko hata sauti.

Toleo la sita, la mwaka 1915, lilikuwa na kasiba ya inchi sita na uzito wa zaidi ya kilo moja, na katika mahandaki ya vita ofisa mmoja aliona vema kulitengenezea singe, kana kwamba uzito huo haukutosha.

Baada ya vita jeshi liliona kwamba kuwafunza watu kupiga shabaha kwa silaha nzito hivyo ni taabu, likaigeukia bastola ndogo ya Enfield, iliyopokewa mwaka 1932. Miaka sita baadaye wanajeshi wa vifaru walipewa namna yake isiyo na kishikio cha gumba, kwa kuwa kishikio kilinasa ndani ya kifaru. Basi wakabaki kuvuta kifyatuo tu, kama wateja wa Adams, ila safari hii kamani ililegezwa kidogo.