Kumbe Ilikuwa Ndoto! Kisa cha Bobby Ewing na Insha Yangu

Keti vizuri, msomaji, maana leo nina kesi na wewe ndiwe hakimu.

Muhula uliopita tuliandika insha kuhusu siku ambayo hatutaisahau. Yangu ilianza kwa moto. Majambazi sita walinivamia nikitoka shule jioni, wakanifunga kamba, wakanipeleka msituni na kuniwekea mbwa mkali wa kunilinda. Nilipofika ukurasa wa tatu, zilikuwa zimebaki dakika tatu na mimi bado niko msituni. Nifanyeje? Nikaandika kwamba mara nikasikia mama akiniita niamke niende shule, kumbe ilikuwa ndoto! Nikapeleka karatasi nikitabasamu. Iliporudi ilikuwa na alama 7 kwa 20, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, "Umenipotezea wakati."

Nyumbani nililalamika hadi mjomba akacheka chai ikampalia. "Mpwa wangu," akasema, "wewe uliota kurasa tatu tu. Wamarekani waliota mwaka mzima, na wakalipwa!"

Hapo ndipo nilipoanza kuchunguza habari za Dallas.

Dallas ulikuwa mchezo wa runinga wa Marekani ulioonyeshwa na stesheni ya CBS kutoka 1978 hadi 1991. Ulihusu familia ya Ewing ya jimbo la Texas, matajiri wa mafuta na ng'ombe waliokaa nyumba moja iitwayo Southfork, wakala meza moja, na kuchukiana kutwa kucha. (Utajiri wote ule na bado hakuna aliyehama! Mimi nalala chumba kimoja na wadogo zangu wawili na hatugombani hivyo.) Kaka mkubwa, J.R., aliyeigizwa na Larry Hagman, alikuwa mwovu kupindukia. Mdogo wake Bobby, aliyeigizwa na Patrick Duffy, alikuwa mwema. Mke wa Bobby aliitwa Pam.

Tarehe 21 Machi 1980 mtu asiyeonekana alimpiga J.R. risasi ofisini mwake, na msimu ukaishia papo hapo. Hiyo ndiyo taharuki tunayofundishwa katika fasihi, isipokuwa yetu huisha ukifungua ukurasa, na yao ilidumu miezi minane. Jibu lilikuwa litoke majira ya Septemba, lakini waigizaji wa Marekani wakagoma mwaka huo na kazi ikachelewa. Huko Uingereza watu waliweka pesa za kamari kuhusu nani aliyempiga. Watengenezaji nao, kwa kuogopa siri kuvuja, walipiga picha za watu mbalimbali wakimpiga J.R. risasi, ili hata waliokuwa kazini wasijue ni ipi ya kweli. Jibu lilipotoka tarehe 21 Novemba, inakadiriwa kuwa Wamarekani milioni 83 walikuwa mbele ya runinga. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata Wakenya milioni 47 na ushei. Yaani ni kama Kenya nzima, na watoto wachanga wakiwemo, halafu uongeze karibu nyingine!

Aliyempiga alikuwa Kristin, shemeji yake J.R., ndugu ya mkewe. Watazamaji waliridhika. Kwa nini? Kwa sababu Kristin alikuwamo ndani ya kisa tangu mapema na alikuwa na chuki yake. Hakuangushwa kutoka mbinguni.

Sasa tuje kwa Bobby. Mwaka wa 1985 Patrick Duffy alitaka kuacha mchezo huo akatafute kazi nyingine. Waandishi wakamuua. Mwezi wa Mei, Bobby aligongwa na gari akimwokoa Pam, akafa kitandani hospitalini jamaa zake wote wakilia. Kilikuwa kifo safi kabisa, hakikuacha mlango hata wa panya. Msimu uliofuata ukaendelea bila yeye, vipindi 31, lakini watazamaji wakapungua. Larry Hagman mwenyewe akamsihi mwenzake arudi. Duffy akakubali. Sasa waandishi walikuwa msituni kama mimi: mtu amekufa, amezikwa, na mwezi ujao anaripoti kazini!

Mei 1986, Pam anaamka asubuhi, anasikia maji yakimwagika bafuni, anafungua mlango, na nani anaoga? Bobby. Amejipaka sabuni, anatabasamu kana kwamba alitoka tu kwenda dukani. Kipindi kikaisha hapo, na watu wakangoja hadi Septemba kuelezwa kwamba mwaka mzima, vipindi vyote 31, ulikuwa ndoto ya Pam.

Hebu fikiria, msomaji. Wewe umekaa mwaka mzima ukitazama. Umelia. Umebishana na jirani. Halafu unaambiwa hakuna lililotokea. Kuna mtu aitwaye Mark, aliyedhaniwa alikufa katika ndege. Ndani ya ndoto hiyo alirudi akiwa hai na akamwoa Pam. Pam alipoamka, maskini Mark akarudishwa kaburini bila hata matanga. Lakini kilichonichekesha zaidi ni hiki. Kulikuwa na mchezo mwingine, Knots Landing, stesheni hiyohiyo ya CBS, kuhusu Gary, ndugu yao Bobby na J.R. aliyehamia California. Huko nako walikuwa wameomboleza kifo cha Bobby. Dallas walipoamka usingizini, Knots Landing hawakuamka! Ndugu mmoja anaoga Texas, mwingine California bado anajua ndugu yake ni marehemu. Hata simu hawakupigiana.

Nilimuuliza mjomba kwa nini watu wanaolipwa vizuri hivyo wafanye makosa ya mtoto wa kidato cha tatu. Nilichogundua ni kwamba michezo ya Marekani ya aina hiyo haikuandikwa mwanzo hadi mwisho kama tunavyopanga insha. Stesheni iliuza nafasi za matangazo ya biashara, na bei ilitegemea idadi ya watazamaji. Wakiwa wengi, mchezo uliongezwa mwaka mwingine, na mwingine, hata kisa kikiwa kimekauka. Wakipungua, ulikatwa. Kwa hiyo mwandishi hakujua mwisho uko wapi. Ni kama dereva wa matatu anayeambiwa endesha tu, stejini utaambiwa ukifika. Michezo ya Meksiko ni tofauti. Mara nyingi hukaa miezi kadhaa, inafikia kikomo, mwovu anaadhibiwa na watu wanaoana. Unajua tangu kipindi cha kwanza kwamba watafunga ndoa, lakini angalau wanafunga. Na Vioja Mahakamani vya KBC? Mshtakiwa anaingia, anajitetea kwa vituko, hukumu inatolewa, twende nyumbani. Nusu saa haijaisha.

Dallas wenyewe hata kumaliza waliona taabu. Mei 1991, katika kipindi cha mwisho kabisa, J.R. ana bastola chumbani, risasi inalia, Bobby anakimbilia mlangoni, anashtuka... basi, mwisho. Ilibidi watu wangoje filamu ya 1996 kujua kwamba J.R. alikuwa amepiga kioo. Kioo!

Kwa haki lazima nitaje kwamba ndoto nyingine zilipendwa. Mchezo wa kuchekesha wa Newhart ulidumu miaka minane, na mwaka wa 1990 ukaisha kwa mwenye hoteli kugongwa kichwani na mpira wa gofu. Akaamka kitandani kando ya mke aliyekuwa naye katika mchezo wake wa zamani wa miaka ya sabini, akamsimulia ndoto aliyoota. Ukumbi ukavunjika mbavu. Hiyo ilikuwa mzaha, tena mzaha wa kuagana, na hakuna aliyekuwa amelilia maiti.

Basi nikamwendea mwalimu na hoja zangu zote, nikidhani Wamarekani watanitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo Kristin alikuwamo kisani tangu mwanzo?" Nikasema ndiyo. "Na kwako msituni, nani alikuwamo tangu mwanzo?" Nikahesabu kwa vidole. Majambazi sita, mimi, kamba, na mbwa.

"Mbwa," akasema. "Ulimweka wa nini?"

Sikuwa na jibu. Nimeiandika upya. Sasa kwenye aya ya kwanza nimenunua mandazi mawili kwa mama anayeuza langoni, nikala moja, na la pili liko mfukoni mwa sweta. Majambazi hawalijui. Mbwa, kwa pua yake, amelijua zamani, na kamba yenyewe iko mkononi karibu kabisa na mfuko huo. Insha bado iko kwa mwalimu, haijarudi.