Maumivu Ambayo Darubini Haiyaoni

Wagonjwa wengi wa Beni, Oicha na Mangina huja wakisema, "Mganga, kichwa chaniuma, mgongo wawaka, tumbo lajikunja." Damu yapimwa, malaria hakuna. Choo chapimwa, minyoo hakuna. Ndipo jamaa zake husema, "Basi anajifanya." Si kweli. Mtu huyo anaumwa kabisa.

Tazameni mambo yaliyotupata. Tangu Oktoba 2014 watu wamechinjwa vijijini mwetu, na wengine wameacha mashamba yao na kukimbia mara nyingi. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola. Ilipotangazwa kwisha, 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Wengi walizikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, wala mama hakuruhusiwa kumwosha mtoto wake. Ilikuwa lazima, maana maiti ya Ebola huambukiza. Lakini huzuni ile haikupata njia ya kutoka.

Mtu akiogopa, mwili wake hujitayarisha kukimbia. Moyo hupiga mbio, misuli ya shingo na mabega hukaza, tumbo huchafuka. Hofu ikipita, mwili hulegea. Lakini mtu anayelala kila usiku akitega sikio kwa risasi, misuli yake italegea lini? Tena asiyepata usingizi huona maumivu madogo kuwa makubwa.

Wengine huuliza habari za homiopathia. Mwanzilishi wake ni Samuel Hahnemann, mganga Mjerumani, aliyeieleza mwaka 1796. Alisema kwamba kitu kinachomletea mtu mzima dalili fulani, kikipunguzwa sana, humponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Tone moja la dawa hutiwa katika matone 99 ya maji au pombe, na tone moja la mchanganyiko huo katika mengine 99, hata mara 30. Baada ya mara 12 hivi, karibu hapana chembe ya dawa iliyobaki! Majaribio yaliyofanywa vizuri hayakuonyesha kwamba vidonge hivyo vyashinda sukari tupu. Walakini nawasifu kwa jambo moja: humwuliza mgonjwa kwa utaratibu, pengine saa nzima, juu ya usingizi wake, hofu yake na huzuni yake. Kusikilizwa huko huleta nafuu, nasi twaweza kufanya hivyo bila kuuza sukari.

Wazee wa kanisa, kumbukeni Eliya chini ya mti, alipotaka kufa. Malaika hakumhubiri kwanza. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, mara mbili.

Nyumbani, vuta pumzi polepole kwa pua, uitoe polepole zaidi kwa mdomo, mara kumi, mabega yakilegea. Tembea, fanya kazi pamoja na wenzako, usikae peke yako na mawazo. Usimeze parasetamoli kila siku. Anayeimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikifuatana, yaweza kumletea kichwa kile kile anachokikimbia. Nazo sindano za diklofenaki, ambazo watu wetu wazipenda mno, zaweza kuharibu tumbo na figo.

Lakini homa pamoja na shingo ngumu, kifua kinachobana na pumzi kukatika, mguu kukosa nguvu, damu chooni, au kichwa kikali kwa mama mwenye mimba, hayo msiyaite huzuni. Njoni hospitali siku ile ile. Naye anayewaza kujiua asiachwe peke yake hata kidogo. Mleteni, hata ikiwa usiku.